Aliyesinzia Ibadani

Jumapili moja ya Februari, miaka michache iliyopita, nilikatisha mahubiri kwa sababu kijana mmoja alikuwa amelala kwenye benchi la nyuma. Nilimtaja Eutiko, yule aliyesinzia Paulo akihubiri hata akaanguka kutoka dirishani (Matendo 20). Washarika wakacheka. Kijana akaamka, akainamisha kichwa.

Nilimfahamu. Anasukuma mkokoteni Kariakoo, Mtaa wa Kongo hadi Msimbazi. Jumamosi iliyotangulia mimi mwenyewe nilimwita atuletee viti vya harambee, safari tatu, saa saba mchana. Mwezi huo joto la Dar es Salaam hufika nyuzi 32, na kwa unyevu wa pwani jasho halikauki upesi. Nilimlipa ujira aliotaja, nikaona yamekwisha.

Jumatano nikasikia amelazwa kwa homa ya mapafu.

Wodini nilimkuta mama mmoja wa usharika wetu ambaye ni muuguzi. Nikamwuliza, kijana mwenye nguvu kama huyu anauguaje hivi?

“Baba Mchungaji,” akasema, “misuli ni kitu kimoja na kinga ni kingine.”

Akanieleza kwamba mtu akifanya kazi ya nguvu, ndani ya dakika chache chembe nyeupe za damu huongezeka sana. Wakati wa mapumziko nyingi hujishikiza kwenye kuta za mishipa, na nyingine hukaa kwenye bandama. Moyo ukienda mbio na homoni zikipanda, hutoka na kuingia kwenye mzunguko kama askari waliopigiwa king'ora. Joto kali likiongezeka juu ya kazi, king'ora hulia zaidi. Kazi ikiisha, baada ya saa moja au mbili baadhi ya chembe hizo hupungua kwenye damu kuliko hata mwanzo, kwa kuwa zimetawanyika kulinda mapafu, utumbo na sehemu nyingine. Kwa kawaida hurudi hali yake ndani ya siku moja.

“Kwa hiyo mazoezi ni mema,” akaendelea. “Lakini anayefanya kazi nzito juani kila siku, bila maji, chakula wala usingizi wa kutosha, kinga yake inaweza kudhoofika. Siwezi kusema viti vyako ndivyo vilivyomlaza. Ninachojua ni kwamba hakuwa amepumzika.”

Nilirudi kwa miguu nikiwaza jina la Kariakoo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa katika vita ile, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na malaria, kuhara damu, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Nimepita pale miaka mingi bila kuwakumbuka.

Usiku ule nilisoma 1 Wafalme 19. Eliya amechoka hata anaomba kufa, naye Mungu hamkemei. Anamwacha alale, anampa mkate na maji, kisha anamwacha alale tena. Safari ndefu ya Horebu inakuja baadaye. Na katika Kutoka 23:12 pumziko la siku ya saba wanatajiwa hata punda, mtumwa na mgeni. Mimi nilikuwa nimemdhihaki mtu ambaye mwili wake ulikuwa unatii agizo hilo.

Nilimwomba msamaha wodini. Akasema, “Hamna shida, Mchungaji, nilikuwa nimechoka tu.” Alipopona, nilimwomba tena msamaha mbele ya usharika, kwa kuwa nilimwaibisha mbele yao.

Siku hizi mizigo ya kanisa husafirishwa asubuhi na mapema, na kuna ndoo ya maji ya kunywa getini. Wapendwa, nanyi mnaoajiri wabeba mizigo, waulizeni kama wamekunywa maji, na wapeni nafasi ya kukaa kivulini.

Yule kijana bado huja ibadani. Akisinzia, mzee wa kanisa humgeuzia feni.