Barua kutoka Yeoville: Bosi na msiba wa mjomba



Nawaandikia ndugu wa nyumbani kutoka Yeoville, mtaa wa Johannesburg ulio mashariki ya Hillbrow. Ukiifuata barabara ya Raleigh mpaka inapobadilika jina kuwa Rockey, utapishana na Kilingala, Kishona, Kizulu, Kifaransa, na Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi. Enzi za ubaguzi mtaa huu ulitengwa kisheria kwa Wazungu. Leo mgahawa mmoja tu waweza kuwa na mwenye mali wa taifa hili, keshia wa lile, na mpishi wa kwingine kabisa. Kwa hiyo kila siku kuna mtu anayeamua mambo ya mwenzake ambaye hakulelewa kama yeye. Kozi za uongozi humfundisha bosi wa namna hiyo tabia za mataifa: hawa huchelewa, wale hawakutazami machoni. Mimi naona elimu hiyo haimfikishi mbali. Hekima ya bosi katika mambo ya mila hupimwa kwa jinsi anavyojibu ombi ambalo yeye mwenyewe asingeliomba.

Chukueni ruhusa ya msiba. Sheria ya Afrika Kusini ya 1997 kuhusu masharti ya msingi ya ajira inampa mfanyakazi anayestahili siku 3 kwa mwaka kwa mambo ya familia, na imetaja ni vifo vya nani vinavyohesabika: mume au mke, mzazi, babu na bibi, mtoto, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Mjomba hayumo. Baba mdogo hayumo, ingawa kwetu baba mdogo ni baba, na asiyekwenda kumzika atatafutiwa jina. Tusiwacheke wenyeji wetu, maana sheria ya ajira ya 2004 ya kwetu Tanzania Bara nayo ilipotungwa ilimsahau mjomba vilevile. Hata hivyo, orodha ya sheria inamwekea bosi kiwango cha chini tu. Haimkatazi kuuliza, "Huyu marehemu ni nani kwako, na msibani unatakiwa kufanya nini?" Anayepaswa kuosha maiti au kusimamia mazishi hayuko sawa na anayekwenda kutoa pole.

Asiyeuliza hulipa gharama, na mfano upo. Mwaka 2007 mpishi mmoja wa kike katika hoteli ya Kievits Kroon, upande wa Pretoria, aliomba ruhusa ya kama mwezi mmoja, bila mshahara, akamalize mafunzo ya uganga wa jadi. Alikuwa na barua ya mganga wake, na aliamini kwamba asipoitikia wito wa mizimu ataangamia. Hoteli ikamwambia jikoni watu hawatoshi, ikampa wiki moja. Akaenda, akafukuzwa. Kesi ilianzia kwa msuluhishi na kupanda hadi Mahakama Kuu ya Rufani, ambayo mwaka 2013 ilikubaliana na ngazi zote za chini kwamba arudishwe kazini. Mahakama haikusema mizimu ipo au haipo. Iliangalia kama imani yake ni ya kweli moyoni mwake. Karatasi ile ingekuwa ya daktari, nadhani mazungumzo yangekuwa mengine tangu siku ya kwanza.

Najua mtakachoniuliza. Si kila mtu atazusha mizimu, na mjomba mmoja atakufa mara tatu? Waongo wapo, lakini hata vyeti vya daktari hununuliwa, na hakuna aliyevifuta kwa sababu hiyo. Mpishi yule aliomba kabla ya kuondoka, alileta barua, alikubali kukosa mshahara; mwongo ni nadra kujigharimu hivyo. Hoja ya pili ni nzito zaidi: mgahawa wa watu wanne hauna wa kuziba pengo. Kweli. Basi bosi aonyeshe pengo lenyewe, siku gani na zamu ipi, na atafute wa kubadilishana zamu kabla ya kukataa. Mwaka huohuo wa 2013 mahakama ileile iliwapa haki maofisa watano wa gereza la Pollsmoor waliofukuzwa kwa kusuka rasta, kwa kuwa mwajiri alishindwa kuonyesha nywele zile zinaharibu kazi gani.

Kuna upande mwingine, na hapa wahamiaji wenzangu hawatanipenda. Mila hutumika pia kama kamba ya kumfunga mnyonge. "Sisi ndugu, tutaelewana," anaambiwa kijana, na kuelewana kwenyewe ni kufanya kazi Jumapili kwa malipo ya Jumatatu. Au anatishwa kwamba hana kibali, hivyo hana haki, ilhali tangu 2008 Mahakama ya Kazi ilishaamua kwamba hata asiye na kibali ni mfanyakazi anayelindwa na sheria. Undugu unaomnufaisha bosi peke yake ni unyonyaji, hata ukisemwa kwa lugha ya mama.

Nanyi mnaosimamia watu huko nyumbani, kwenye mahoteli ya Zanzibar na viwanda vya Dar es Salaam, ombi langu ni dogo: mfanyakazi akija na ombi msilolielewa, mwulizeni kwanza, kisha mpeni jibu kwa maandishi, na sababu yake.