Nilimjengea mjomba banda la mabati. Msinifuate.

Kuna video yangu ya mwezi wa kwanza, ile najenga banda la wavuvi pale Mkunguni, Msambweni. Imepita watazamaji elfu arobaini, na mpaka sa hii ndiyo video yangu kubwa kuliko zote. Leo nataka kuwaambia msiifuate.

Wiki iliyopita kijana wa Vanga aliniandikia: "Bro, nimeweka pesa kando, nataka mabati kama yale ya mjomba wako." Nilikaa na hiyo meseji siku mbili bila kujibu. Yale mabati hayapo. Niliyabomoa kwa mkono wangu mwezi wa tisa.

Nianzie mwanzo. Niliwacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa shida, lakini nisidanganye, pia nlikuwa nshachoka. Kurudi nyumbani, kila harusi na kila matanga swali ni moja: "Sasa wewe wafanya nini?" Nikisema nafanya kontenti, watu waangaliana. Mtu pekee ambaye hakuniuliza ni mjomba. Mimi namwita mjomba na yeye aniita mjomba, ndivyo huku kwetu. Alinipa tu kazi ya kubeba barafu.

Banda lake liko ufuoni. Ndani mna nyavu, injini, sanduku la barafu la kuwekea samaki mpaka mnunuzi afike, na mkeka wa kujinyoosha akitoka baharini usiku. Kuta zilikuwa makuti ya zamani, yametoboka kila mahali. Nilipopata pesa yangu ya kwanza ya tangazo, elfu kumi na tano, nikamwambia, "Mjomba, hili banda nalitengeneza mimi." Ukweli ni kwamba nlikuwa nataka wale wa harusini waone.

Wazo nililitoa kwa video ya mzee mmoja wa Minnesota, Marekani. Huko wakati wa baridi ziwa laganda, watu waburuta vibanda juu ya barafu, watoboa shimo, wavua wakiwa wamekaa ndani na hita. Alikuwa akilinganisha vitu vya bei nafuu vya kufunika kuta kwa nje: plaiwudi, plastiki, mabati. Akachagua mabati membamba. Ni mepesi kuburuta, yazuia upepo, yang'aa. Nikasema hii hapa.

Mjomba aliiangalia mpaka mwisho, akasema neno moja tu: "Huyo barafu iko nje. Sisi barafu iko ndani."

Nilicheka. Nikadhani atania.

Nikanunua mabati 14 ya geji 32, kila moja 800, jumla 11,200. Kwa wasiojua: namba ya geji ikipanda, bati lazidi kuwa jembamba. Tukapiga misumari siku moja, nikashuti, nikapost. Ilikuwa kaskazi, jua kali, banda lameta kama duka jipya.

Cha kwanza kilikuwa joto. Saa saba mchana humo ndani ni tanuri. Barafu iliyokuwa ikifika jioni ikawa maji kabla ya alasiri. Mara mbili mnunuzi wa hoteli za Diani aliwagusa changu akasema wamelegea, mjomba akawauza kwa mama karanga kwa bei ya kutupa. Wala hakunilaumu. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kisha kusi ikaja. Kuanzia Aprili upepo wageuka, mvua yaja nao, na bahari ikichafuka, maji ya chumvi yarushwa mpaka ukutani. Bati hupakwa zinki ndio lisishike kutu, lakini kila tundu la msumari na kila ukingo uliokatwa ni mlango wa chumvi. Mwezi wa saba zile tundu zilikuwa zishakuwa nyekundu na pana. Usiku mmoja wa Agosti bati liling'oka likamkata mjomba mguuni. Nyuzi tisa. Wiki tatu hakwenda baharini, na mvuvi asiyekwenda baharini hana mshahara wa ugonjwa.

Kamera nlikuwa nayo mfukoni. Sikushuti.

Mjomba alipoweza kutembea tulianza upya, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Turubai? Jua lalila, kisha vipande vyaenda baharini. Udongo na fito? Ndani kuna baridi nzuri, lakini ufuoni, bila paa lililotokeza sana, mvua ya kusi yaubomoa, na wapaka tena kila mwaka. Bati nene lililopakwa rangi? Lakaa zaidi, lakini joto ni lile lile na mfuko wangu haukutosha. Boriti za mkoko? Hapo mjomba alinikatiza. Mikoko ndiyo malezi ya samaki wadogo. Jirani zetu wa Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 walinda hekta 117 na kuuza kaboni yake, pesa zaenda kwa maji na shule. Mvuvi akiikata ajikata mwenyewe.

Tukachukua miti ya mvinje, ile ya kupandwa, tukaisimamisha juu ya mawe isiguse mchanga. Ukuta ni makuti mapya 300, kila kuti bob 20. Upande wa kusi tumeyapanga mara mbili, tumeyabana sana. Upande wa kaskazi tumewacha fito wazi nusu ya juu, upepo upite. Hakuna msumari hata mmoja, kote ni kamba. Jiko limehamia nje, kwa sababu makuti yakishika moto huna hata dakika ya kutafuta ndoo. Mabati yaliyobaki mazima yako kwa bibi huko bara, mbali na chumvi, yazuia kuku.

Sasa hesabu. Mabati: 11,200, yamekaa miezi minane, yaani 1,400 kwa mwezi. Makuti na kamba: 6,800. Mjomba asema ukuta uliofungwa vizuri hufika miaka mitatu. Hata tuseme miwili tu, ni chini ya 300 kwa mwezi. Na hapo sijahesabu changu waliolegea, wala nyuzi tisa.

Yule mzee wa Minnesota hakunidanganya. Alikuwa ajibu swali la baridi na kuburuta. Swali letu ni joto na chumvi, na mtu aliyelijua jibu alikuwa amekaa kando yangu na sijamuuliza, kwa sababu hana video.

Na mimi nimefanya vile vile kwa watu elfu arobaini. Sisi wa kontenti twashuti siku ya kwanza, kitu kikiwa chang'aa, kisha twahamia kingine. Hakuna anayerudi baada ya kusi. Nimeanza kurudi. Ile video sitaifuta, lakini kuanzia leo iko na sehemu ya pili: tundu zenye kutu, na mjomba akieleza mwenyewe.

Kijana wa Vanga nshamjibu. Nimemwambia kabla hajanunua chochote, amtafute mzee mwenye banda kuukuu kuliko yote ufuoni kwao, amuulize lasimamaje.