Mpunga, mchele na wali

Viwanja Sitini,
Ifakara.

Mpwa wangu mpendwa,

Mavuno yameingia, na mashine za kukobolea zinaunguruma tangu asubuhi.

Umeuliza kama Kiswahili kina maneno ya ziada bure, maana sisi tunataja mpunga, mchele na wali, na Kiingereza kinatosheka na "rice". La, mpwa wangu. Kila neno kati ya hayo matatu lina kazi yake.

Uingereza si nchi ya mpunga. Zao hili liliwafikia likiwa bidhaa ya biashara, na hata jina lake lilikwisha kupita kwa wengi: walilitoa kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Waitaliano waliosema "riso", na hao wakalirithi kutoka Kilatini, "oryza". Kilatini kililichukua kwa Wagiriki, nao walilipata kutoka lugha za mashariki, upande wa Uajemi na India. Wataalamu wa kilimo wanaliandika hadi leo: mpunga wetu wa mbegu za Supa na Saro 5 ni Oryza sativa, na ule wa porini unaowasumbua wakulima wa bonde la Kilombero ni Oryza longistaminata.

Waingereza walipokwenda kufanya biashara kwa wakulima wenyewe huko Asia, "rice" halikuwatosha tena. Wakaazima "padi" la Kimalei, likawa "paddy", yaani mpunga ambao haujakobolewa. Basi ujue kuwa anayelima ndiye mwenye maneno ya kilimo, na hilo si jambo la kulionea haya.

Tofauti ya mpunga na mchele ni fedha. Kilo 100 za mpunga, zikikobolewa, kwa kawaida hutoa kilo 60 hadi 65 za mchele. Zilizobaki ni maganda na pumba. Mkataba wa Kiingereza ukisema tani 10 za "rice", na mnunuzi akashikilia kwamba alimaanisha mchele, mkulima atatafuta zaidi ya tani 15 za mpunga ili autimize.

Kwa hiyo, ndugu zetu wakikuomba uwasomee mkataba, uliza kwanza: ni mpunga au mchele? Mtu asitie sahihi kabla jibu halijaandikwa.

Soma kwa bidii.

Mjomba wako