Muhuri hauzimi moto, mshikaji!

Vijana wa mjini tuna mbwembwe zetu. Tukienda kuangalia chumba cha kupanga, kwanza tunauliza kodi. Pili, maji yanatoka mara ngapi kwa wiki. Tatu, luku ni ya peke yako au ya kuchangia? Wenye vijisenti wanauliza na pa kulaza gari. Lakini sijamsikia hata mmoja akimwuliza mwenye nyumba: "Mzee, hapa pakiwaka usiku wa manane, mimi natokea wapi?"

Swali hilo mimi nilifundishwa na kalamu nyekundu.

Basi bwana, mwaka 2022 Baba mdogo aliamua kujenga hosteli ya wasichana wa chuo, maeneo ya Changanyikoni, Dar. Jengo la sakafu tatu, kila sakafu vyumba 12, kila chumba vitanda viwili. Piga hesabu mwenyewe: warembo 72 chini ya paa moja! Mzee ana duka Kariakoo, muda wa kuzunguka na makaratasi hana. Akanikabidhi ramani na nauli. "Nenda kanigongee muhuri wa zimamoto, mwanangu. Ni dakika tano tu hiyo."

Dakika tano! Wazee wetu nao.

Kwa wasiojua, ramani ya jengo la watu wengi haiishii kwa mchoraji. Kabla ya kibali cha ujenzi inapita kwa wataalamu kadhaa, na watu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wamo. Jeshi hilo lilipata sheria yake mwaka 2007. Wengi tunalijua kwa gari jekundu na king'ora, halafu tunalilaumu kwamba limechelewa kufika. Kumbe lina kazi nyingine ya kimyakimya: kukaa mezani na kuusoma moto ambao haujawaka. Kazi hiyo haina king'ora, ndiyo maana haina mashabiki.

Hata kabla sijaingia ofisini, nje pale nikadakwa na jamaa mmoja, shati limechomekewa, bahasha kwapani. Kishoka huyo! "Bro, ya nini uhangaike? Toa mshiko kidogo, jioni unapata muhuri wako." Nikamwuliza, ramani ataisoma nani? Akacheka. "Ramani ya nini tena? Si unataka muhuri?"

Nikampita. Muhuri ni wino tu, jamani. Haujawahi kuzima moto.

Ndani nikapokewa na afande mmoja wa kike, mpole, miwani puani. Alitandaza ramani mezani, akaichungulia kama anayesoma barua ya mchumba. Kisha akaweka kidole kwenye chumba cha mwisho kabisa, sakafu ya juu, mwisho wa korido.

"Mdogo wangu, huyu binti wa hapa, saa nane za usiku, moto umeanzia jikoni chini. Moshi umeshajaa kwenye ngazi. Anatokea wapi?"

Nikaangalia. Ngazi ilikuwa moja tu, katikati ya jengo, wazi haina mlango. Dirishani grili. Nikasema, "Afande, hatoki."

"Haya, umeshajua kusoma ramani," akanijibu.

Akanieleza kitu ambacho siku hizi nakitangaza hadi kwenye daladala. Mara nyingi kinachoua ni moshi, tena unaua kabla moto haujamfikia mtu. Moshi unapanda juu, na ngazi iliyo wazi inageuka bomba la kuupandisha. Kwa hiyo ngazi iwe na kuta zake na milango inayojifunga yenyewe, moshi ubaki nje. Na iwepo ngazi ya pili upande wa pili, ili moja ikishikwa, nyingine ibaki. Mlango wa kutokea ufunguke kwa nje, kwa sababu watu wakisukumana kwa hofu hakuna wa kurudi nyuma auvute. Grili si dhambi, lakini baadhi ziwe na bawaba na komeo la ndani, bila kufuli. Tena gari la zimamoto lipate pa kupita. Ukuta wa uzio na geti jembamba vinaweza kulizuia mlangoni kwako, maji tele mgongoni!

Kila alichosema alikichora kwa kalamu nyekundu. Ramani ikarudi imetapakaa wekundu kama imechinjiwa kuku.

Kasheshe likaanza nyumbani. Baba mdogo alipoona ngazi ya pili imekula chumba kimoja kila sakafu, aliruka. "Vyumba vitatu! Vitanda sita! Unajua mkopo wa benki unalipwa na nini? Na grili za kufunguka ni za nini, unataka wezi waniingilie watoto wa watu?"

Msomaji, mzee hakuwa mbaya. Wezi wapo, na mkopo hauna huruma. Lakini hofu hiyo ya wezi imeshaua watu duniani. New York, Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliwaka, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wadogo wahamiaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, ili wafanyakazi wasiibe vitambaa. Na usiseme hayo ni ya Wazungu. Hapo jirani Kenya, Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliwaka usiku, wakapotea wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana nondo. Kilichowekwa kuzuia mwizi kikawazuia wenyewe.

Nilimwambia yote hayo. Wapi! Mzee akawa ananiangalia kama mhubiri wa stendi.

Mwishowe nikaitandaza ramani kwenye meza ya chakula. Binti yake wa pili, mdogo wangu, alikuwa ndiyo anajiandaa kuanza chuo, na mzee mwenyewe alishatamba kwamba atakaa humo humo, kodi ya nini? Nikamwuliza kwa adabu, "Baba, mdogo wangu atalala chumba kipi?"

Akakipeleka kidole bila kufikiri: sakafu ya juu, mwisho wa korido, kwenye upepo.

"Saa nane za usiku, moshi umejaa kwenye ngazi. Anatokea wapi?"

Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Hiyo ngazi ya pili, mchoraji ataiweka kwa bei gani?"

Kwenye karatasi, washikaji, ngazi inahamishwa kwa penseli na ufutio. Ukishamwaga zege, inahamishwa kwa nyundo na machozi. Ramani ikachorwa upya, nikairudisha, maswali mawili matatu zaidi, na muhuri ukagongwa kihalali. Vyumba vikabaki 33, vitanda 66.

Jengo lilipokamilika mwaka 2024 wakaja kukagua. Wakafungua kila mlango, wakapima, wakaangalia mitungi ya kuzimia moto na ving'amua moshi. Ngazi ya pili wakaikuta safi kabisa, ila mlango wake wa chini una kufuli kubwa! Nani kaweka? Mlinzi. Kwa nini? Wezi. Afande akasema kwa upole kwamba hapo ngazi bado ni moja. Kufuli likatolewa siku hiyo hiyo, likawekwa komeo linalofunguka kwa ndani. Ndiyo maana kukaguliwa ramani hakutoshi: karatasi haijui mlinzi ataleta kufuli.

Sasa wewe uliyepanga ghorofa ya nne Sinza, usome hii halafu uende mlangoni. Hesabu njia za kutokea. Ile ya pili imejaa magodoro na pikipiki ya jirani? Imefungwa, na ufunguo anao mzee aliyekwenda kwao Moshi? Mbane mwenye nyumba leo, mkiwa kundi, kwa heshima. Akigoma, nenda ofisi ya zimamoto ukaeleze. Namba yao ya dharura ni 114, iweke kwenye simu.

Ila kodi ya mwezi ujao usiilipe kabla hajakuonyesha ngazi ya pili inakotokea. Akuonyeshe kwa kutembea nayo, siyo kwa kidole!