Dakika tano tu, Ami

Wasee, kuna video niko nayo kwa simu na sijawahi kuiposti. Leo wacha niwaambie kwa nini.

Agosti iliyopita mimi na mabeshte watano tulichanga pesa twende Kiwayu kutoka Lamu, siku tatu kwa jahazi. Lilikuwa la mbao, lina tanga na mashine moja nyuma. Nahodha alikuwa mzee mmoja, tulimwita Ami. Mpango: tuone magofu ya Takwa kisiwani Manda, tupite mlango wa Mkanda, kesho yake Kiwayu.

Takwa unafika kwa mkono wa bahari unaokata katikati ya mikoko, na ni maji yakiwa yamejaa tu. Ami alituambia kabla hatujashuka: "Nawapa saa moja. Maji yakianza kupwa, twatoka."

Saa moja! Yaani nitoke Nairobi mpaka huku, halafu nipewe saa moja? Ule mji ulikaliwa karne ya 15 hadi ya 17. Msikiti wake bado una kuta, na nguzo imesimama juu ya kibla. Nikarudia shoti moja ya kutembea mlangoni kama mara kumi. Ami akaja: "Mwanangu, maji yapwa." Nikamwambia, "Dakika tano tu, Ami." Akaja tena. Nikamjibu vile vile, macho kwa simu.

Tulitoka tumechelewa dakika 40.

Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari. Pampu inayavuta kutoka chini, yanazunguka ndani, halafu yanarushwa nje kama mtu anakojoa. Sasa maji yalikuwa yamebaki machache, ikavuta tope. Ule mkojo ukakatika. Ami aliona kabla yetu, akazima haraka, lakini ilikuwa too late. Akafungua pampu, akatuonyesha feni ndogo ya mpira: meno yamelika yote. Spea hakuwa nayo. Jahazi likakaa topeni, sisi na mbu, karibu masaa saba tukingoja maji yarudi.

Hapo ndio nikatoa simu nikarekodi: "Manze cheki, tumelipa pesa yetu, mashine imekufa, spea hakuna."

Kila neno lilikuwa kweli. Na ukiiangalia, utasema Ami ni mkora.

Yeye hakunilaumu hata kidogo. Alitupikia wali wa nazi na samaki pale pale topeni. Usiku maji yalipojaa akalisukuma jahazi kwa pondo mpaka tukatoka. Asubuhi akatweka tanga. Agosti ni msimu wa kusi, upepo unasukuma kwenda kaskazini, kwa hivyo tulipita Mkanda bila mashine, mikoko huku na huku, unasikia tu maji yakigonga mbao. Kusema ukweli, hiyo ndiyo siku tamu kuliko zote za safari. Kiwayu tuliingia jioni.

Spea ililetwa kesho yake na boti nyingine kutoka Lamu. Nikamuuliza Ami ni pesa ngapi. Akasema, "Hiyo ni ya chombo, mwanangu, si yako." Tuliporudi Lamu nikauliza mafundi bei, nikamtumia kwa M-Pesa, nikampigia kumwambia kosa lilikuwa langu. Akacheka tu.

Ndio, angebeba spea. Hilo siwezi kumtetea. Lakini yule mzee anakula kwa wageni, na wageni siku hizi wanachagua boti kwa kuangalia video za watu kama mimi. Mimi ningepata views za wiki moja. Yeye angekosa kazi msimu mzima.

Video yenyewe ni ya sekunde 58. Nimeiangalia mara nyingi. Hakuna mahali nasikika nikisema "dakika tano tu."

Wewe ungeiposti?