Rivasi ya bajaji ilipoharibika, tulimsahau mtoto nyuma

Jumapili moja mwaka jana tulitoka Kibaha kwenda Kisarawe kuwasalimia wazazi. Tulikwenda kwa bajaji ya kaka yangu, ile anayopakilia abiria pale Maili Moja siku za kazi. Nyuma tulikaa mimi, wifi yangu na binti yao wa miaka miwili. Njia nzima mtoto alikuwa amepakata beseni jekundu la plastiki, zawadi ya bibi yake, na hakutaka mtu amshikie.

Bajaji hiyo ilikuwa na wiki tatu haina rivasi. Kimkono cha rivasi kilivutika kama kawaida, lakini ukiingiza gia unasikia chuma kikisagana, na ukiachia klachi chombo kinataka kwenda mbele. Kaka alishazoea. Akifika mahali pa kugeuzia anashuka na kusukuma, au anaomba vijana wa kijiweni wamsaidie.

"Nikifungua giaboksi sasa hivi, mdogo wangu, kodi ya nyumba itatoka wapi?" aliniambia. Nilimwelewa. Sikuuliza hata kama kuna fundi aliyekwishaitazama.

Kisarawe ni nchi ya vilima, na uwanja wa nyumba ya wazazi wetu umeinama kidogo. Jioni, wakati wa kuondoka, bajaji ilikuwa imeegeshwa ikitazama ukuta. Ilibidi irudi nyuma hatua chache ndipo igeuke. Kaka akakaa kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa. Mimi nikasimama mbele, nikaweka mikono chini ya kioo, nikasukuma.

Hebu fikiria tulivyokaa. Kaka alikuwa akinitazama mimi, nami nilikuwa nikimtazama yeye. Watu wazima wawili, macho manne, na hakuna jicho hata moja lililotazama kule bajaji ilikokuwa inakwenda.

Nilisikia plastiki ikipasuka, kisha sauti ya mama. Kaka akakanyaga breki. Mama alikuwa ametoka jikoni, akamwona mjukuu wake amekaa kwenye kivuli nyuma ya bajaji akijaza mchanga kwenye beseni, akamnyakua kwa mkono mmoja. Tairi la nyuma lilipita juu ya beseni. Mimi na kaka tulidhani mtoto yuko na mama yake. Wifi alidhani yuko na bibi. Bibi alidhani tumeshampakia.

Nilimvua nguo palepale nikamkagua miguu, mgongo na tumbo. Tairi halikuwa limemgusa. Alikuwa akililia beseni lake tu.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimewahi kuandika kwamba, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Nilipoandika sentensi ile nilikuwa nawaza mabasi na malori ya Barabara ya Morogoro. Sikuwaza chombo kilichozimwa injini, uwanjani kwa baba yangu, kikisukumwa kwa mikono yangu. Na huko kuzimwa kwa injini ndiko kulikozidisha hatari. Mtoto hakusikia mlio wowote wa kumshtua.

Jumanne yake nilikwenda na kaka kwa fundi hapa Kibaha. Safari hii nilitaka kuona kwa macho yangu.

Fundi hakugusa spana kwanza. Alimuuliza kaka anaingizaje rivasi. Akatukumbusha kwamba bajaji isimame kabisa, gia iwe nyutro, kimkono kivutwe hadi mwisho, ndipo uingize gia. Anayevuta rivasi chombo kikiwa bado kinatembea anagonganisha meno ya gia, na meno yakigongana kila siku yanalika.

Kisha, injini ikiwa imezimwa na jiwe likiwa limewekwa kwenye tairi, alimwambia kaka avute kimkono, mimi nitazame chini, pale waya wa rivasi unapoishia kwenye giaboksi. Pana chuma kidogo ambacho waya ukivutwa nacho kinapaswa kugeuka. Juu kaka alivuta hadi mwisho. Chini chuma kilitikisika tu.

Waya ulikuwa umelegea na nyuzi zake nyingi zimekatika ndani ya ganda lililojaa kutu. Fundi akaubadilisha, akaurekebisha kwa nati yake, akatazama pia waya wa klachi, kwa sababu klachi isiyoachia vizuri nayo hufanya gia isage. Kaka akavuta kimkono, akaingiza gia, bajaji ikarudi nyuma taratibu bila kelele.

Gharama yote haikufika hesabu ya siku moja. Kwa wiki tatu tuliogopa bei ya giaboksi ambayo hakuna aliyeifungua. Nimewaona wagonjwa wengi wa namna hiyo. Anaogopa kuambiwa ana ugonjwa mkubwa, basi anakaa nyumbani na ugonjwa mdogo mpaka nao unakuwa mkubwa.

Fundi alituambia pia lini tungekuwa na haki ya kuogopa. Kama waya ni mzima, kile chuma cha chini kinageuka hadi mwisho, klachi inaachia vizuri, na bado rivasi inachomoka au inasaga, hapo tatizo huenda liko ndani. Mwaga oili uitazame. Ukikuta vipande vya chuma, usiendelee kuilazimisha. Ifunguliwe.

Mzazi mwenzangu mwenye bajaji, guta au gari nyumbani, nakuachia tuliyokubaliana sisi katika familia. Chombo kisichokuwa na rivasi hakibebi watu mpaka kitengenezwe. Kabla ya kurudi nyuma, kwa injini au kwa kusukuma, dereva anashuka na kukizunguka kwa miguu. Mtoto anashikwa mkono na mtu mmoja anayetajwa kwa jina, maana "yuko na wenzake" ndiyo iliyotuponza. Kuna mtu anayesimama pembeni, mahali anapoona nyuma na dereva anamwona. Chombo kikiegeshwa, jiwe linawekwa kwenye tairi, na kivuli chake si mahali pa kuchezea.

Na ikitokea tairi limemgusa mtoto, usiridhike kwa sababu ameinuka na kutembea. Kama tairi limempita tumboni au kifuani, au amegongwa kichwa, mpeleke hospitali hata kama huoni jeraha, kwa kuwa damu inaweza kuvuja ndani bila kuonekana nje. Kutapika, tumbo kuuma au kuvimba, kupauka, kusinzia kusiko kwa kawaida na damu kwenye mkojo ni dalili za kukimbia naye mara moja. Usimpe chakula wala kinywaji njiani. Kama hawezi kuinuka au analalamika shingo au mgongo, usimkalishe. Mwacheni alale alivyo, mtu mmoja amshikilie kichwa kisitikisike, na muite msaada wa kumbeba vizuri.

Mwezi uliofuata tulirudi Kisarawe na beseni jipya. Mama alilipokea, lakini lile lililopasuka hakulitupa. Analiwekea kuku pumba. Wakati wa kuondoka kaka alishuka, akaizunguka bajaji, kisha akauliza kwa sauti, "Mtoto yuko na nani?"

"Yuko na mimi, shangazi yake," nilijibu, nikiwa nimemshika mkono. Ndipo akaingiza rivasi.