Mwaka wa Kujitengenezea Mchana

Sisi tuliozaliwa Guta, kando ya Ghuba ya Speke, hatukufundishwa saa na mtu. Jua la kwetu halihamihami. Mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na jioni linazama karibu na muda huohuo. Mtoto anaambiwa awe amerudi na ndoo ya maji kabla jua halijafika juu ya mwembe, naye anaelewa.

Giza nalo lina ratiba yake. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Mitumbwi inalala ufukweni, nyavu zinashonwa, madeni yanalipwa au yanaongezwa. Mwezi ukipotea, kazi inaanza. Miaka ya utoto wangu walikwenda na karabai, wakaziwasha juu ya maji, dagaa wakafuata mwanga na kuzungukwa na wavu. Ukisimama ufukweni usiku wa manane unaona taa zimejipanga ziwani kama mji uliojengwa juu ya maji. Alfajiri akina mama wanangoja na mabeseni. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Nilisomeshwa kwa dagaa walioanikwa mchangani, na kwa hiyo nasema bila kutia chumvi kwamba ada yangu yote ilitoka gizani.

Natanguliza haya kwa sababu mwaka wetu wa kwanza Norway, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, watu wakituuliza habari zake huuliza baridi. Baridi ina nguo zake. Ukishazipata, umemalizana nayo. Kilichotugeuza kama familia ni mchana kuondoka, na namna tulivyolazimika kujifunza kuutengeneza wenyewe.

Tulifika Tromsø Agosti 2012, mwezi uleule wa sensa nyumbani. Nilikuwa nimepata nafasi ya shahada ya uzamili katika usimamizi wa uvuvi, kwenye chuo cha uvuvi kilicho ndani ya Chuo Kikuu cha Tromsø. Wakati huo serikali ya Norway ilikuwa bado na mpango wa kuwasomesha wanafunzi kutoka nchi zinazoendelea, mpango ambao miaka michache baadaye ulifutwa, na hadi leo nahesabu kufutwa kwake kuwa hasara kubwa kwa maziwa na bahari zetu. Mume wangu, mwalimu wa sekondari, aliomba likizo isiyo na malipo akaja na watoto. Kijana wetu alikuwa na miaka mitano, dada yake miwili.

Tromsø ni mji wa kisiwani, karibu kilomita 350 kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki. Mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki unaizuia bahari yake isigande, na ndiyo maana watu zaidi ya elfu sabini wanaweza kuishi huko. Majani yaligeuka rangi Septemba, theluji ikaanguka Oktoba, watoto wakaingia shule ya awali. Hayo yote yalipita haraka na vizuri. Unga wa muhogo ulipokosekana tulisonga ugali wa semolina, tukala.

Kisha Novemba jua likaanza kuaga. Kila siku lilipanda chini zaidi, likapita juu ya milima ya kusini kwa muda mfupi, na mwishoni mwa mwezi halikutokea tena. Kwa Tromsø hali hiyo hudumu hadi katikati ya Januari. Si giza totoro saa zote: kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana kunakuwa na mwanga wa buluu, mzuri sana, unaoipaka theluji na bahari rangi moja. Lakini hauna chanzo. Huwezi kuunyooshea kidole ukasema mchana umefika hapa.

Mwanangu ndiye aliyeliona tatizo kabla yetu. Asubuhi moja nilimwamsha nikamwambia ni saa moja, avae tuchelewe kidogo tu. Akatazama dirishani, kweusi, kisha akaniuliza: "Mama, saa moja ya nini?"

Swali lile lilinikaa. Hesabu yetu ya saa inaanzia kwenye jua. Saa moja ni saa ya kwanza tangu kupambazuke. Guta saa na anga vinasema neno moja. Tromsø tulikuwa tunataja saa moja asubuhi gizani na saa tisa mchana gizani, na mtoto wa miaka mitano, ambaye shuleni kwake walikuwa wameshamfundisha kwamba wakati ule ni saa saba, alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu hapo yeye na dada yake walihesabu saa za huko. Sisi wazazi tuliendelea na zetu, na kwa muda nyumba moja ilikuwa na saa mbili.

Kwa upande wa ibada lilikuwa jambo zito zaidi. Sisi ni Wasabato, kama familia nyingi za Mara, na Sabato huingia Ijumaa jua linapozama. Sasa itaingia lini mahali ambapo jua halijachomoza? Tulilizungumza jambo hili meza nzima, kwa muda mrefu, na Biblia mbele yetu. Jirani yetu Msomali alitueleza kwamba wao msikitini, miezi ambayo jua halina mpangilio, hufuata saa za Makka. Jibu lake lilinituliza kuliko alivyojua. Mume wangu akasema basi na sisi tuna mahali petu: Sabato itaingia saa kumi na mbili na nusu jioni, jua linapozama Guta. Ijumaa ile tulizima televisheni, tukawasha taa ya mezani, tukaimba. Kwa mara ya kwanza tangu jua lituage nilihisi kwamba siku moja imekwisha na nyingine imeanza.

Nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka, ingawa Desemba ilikuwa bado inatusubiri. Mume wangu hakuwa analala. Alikuwa akiamka saa tisa usiku akifikiri kumekucha, anapika chai, anakaa nayo. Binti yetu alisinzia mchana na kucheza usiku. Mimi nilirudi kutoka chuoni nikakuta mapazia yamefungwa na kila mtu yuko kona yake. Mtu aliyekua Guta hajui maana ya familia kuwa peke yake. Kwetu mtoto akilia kwa mama mdogo, bibi anasikia. Ukichelewa ziwani, mtu fulani ameshawalisha wanao. Huko tulikuwa wanne, na wanne wenyewe tulikuwa tumetawanyika ndani ya vyumba viwili.

Mama nilimpigia kila Jumapili, kwenye kitochi chake, nikijua atakuwa ametoka kuanua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu wangu hawajambo? Jua limetoka leo?"

"Bado, mama."

Akanyamaza kidogo. Akauliza watu wa huko wanafanya nini gizani. Nikamwambia wanaishi tu: wanakwenda kazini, watoto wanacheza nje, wengine wanateleza kwenye theluji kwa njia zilizowekewa taa. "Basi na nyinyi tokeni," akasema. "Giza si la kukaa nalo ndani. Baba yako angekaa ndani mngekula nini?"

Mama hajawahi kuvuka mpaka wa Tanzania. Lakini aliijua kazi ya giza kuliko sisi tuliokuwa ndani yake, na mume wangu, ambaye alisikia maneno yale kwenye spika ya simu, aliyashika. Kuanzia wiki ile akaweka sheria. Siku za mapumziko, saa sita mchana, mwanga wa buluu unapofikia upeo wake, wote nje, iwe theluji iwe upepo. Tulipanda hadi Prestvannet, ziwa dogo lililo juu ya kisiwa, ambalo majira hayo huganda kabisa na watu hupita juu yake. Kijana wetu alikataa katakata kulikanyaga ziwa mara ya kwanza. Kwake ziwa ni kitu chenye mitumbwi. Chakula cha jioni kikawa saa kumi na mbili, mezani, wote. Kila asubuhi kijiko cha mafuta ya ini la samaki, kama wafanyavyo wenyeji, kwa sababu mwili usiopata jua unakosa vitamini D. Na kila mtu akitoka avae kipande kinachong'aa kikimulikwa, ili dereva amwone.

Wiki hizohizo mama mzee wa nyumba ya jirani alibisha hodi. Alikuwa na nyota ya karatasi yenye taa ndani, ile ambayo Wanorway huitundika dirishani kabla ya Krismasi. Akaeleza kwa Kiingereza cha kusitasita kwamba mtaa mzima dirisha letu tu ndilo halikuwa na taa, na kwamba taa ya dirishani si ya aliye ndani, ni ya anayepita njia. Tulifungua mapazia. Sikuwahi tena kuyafunga majira ya giza kwa miaka yote miwili tuliyokaa.

Jua likarudi. Tromsø huadhimisha tarehe 21 Januari, kwa kuwa milima inalificha siku kadhaa hata baada ya kurejea juu ya upeo. Watoto walipewa maandazi ya mviringo yenye jamu ndani, yanayoitwa mikate ya jua, na wakaimbishwa uwanjani. Jua lenyewe lilikaa dakika chache tu, jekundu, likaondoka. Kijana wetu alirudi na jamu shavuni akamwambia baba yake sasa saa moja itarudi. Haikurudi mara moja, lakini Februari mchana huongezeka kwa karibu dakika kumi kila siku, kasi ambayo mtu wa ikweta haamini mpaka aione.

Machi tulikwenda Lofoten kwa ziara ya masomo, na familia ikaja. Kila mwaka, tangu Januari hadi Aprili, samaki wao mkuu, torsk, husafiri kutoka Bahari ya Barents kuja kuzaliana huko. Wavuvi humpasua tumbo, humfunga wawili wawili mkiani na kumtundika kwenye chanja za miti, bila chumvi, hadi upepo wa baridi umkaushe. Vichwa hukaushwa vyake, navyo huuzwa zaidi Nigeria. Nilisimama chini ya chanja zile nikalia, wala sikujificha. Nyumbani wataalamu walikuwa wanatuhimiza tuache kuanika mchangani tutumie chanja, mama zetu wakiuliza mbao zitatoka wapi. Mama aliponisikia kwenye simu aliuliza jambo moja tu, la mtu wa kazi: mvua ikinyesha je? Kwetu masika ikiwakuta dagaa hawajakauka wanaishia kuwa chakula cha kuku. Nikamweleza kwamba upepo na baridi huwazuia kuoza. Akasema, "Basi kila ziwa na Mungu wake wa kuanikia," tukacheka pamoja.

Mwishoni mwa Mei jua halikuzama kabisa, na hali hiyo ikaendelea mpaka Julai. Watu wengi hudhani hiyo ndiyo raha. Kwetu ilikuwa kazi ileile kwa upande wa pili: kumlaza mtoto saa mbili usiku jua likimwangaza usoni, kuingiza Sabato kweupe. Lakini safari hii hatukutawanyika. Chakula kilikuwa saa kumi na mbili, mapazia mazito yalishuka saa mbili, na watoto walilala kwa sababu nyumba ilisema ni usiku.

Agosti ilipofika tena, chuo kilipokea familia nyingine kutoka Afrika Mashariki, mke na mume wenye mtoto mchanga. Walifika mwanga ukiwa bado mwingi na walitaka kujua bei ya makoti. Mume wangu aliwaambia makoti yatasubiri. Aliwapeleka kwanza kwenye duka la mitumba wakanunua meza ya kulia na taa ya dirishani, kisha akawaandikia namba yetu, na chini yake: Jumamosi saa sita, tunatoka, mje na mtoto.